Mkaa na siki ya moshi kwa pipa moja: mwongozo kwa anayeanza na matawi ya mikorosho na vifuu

Kila mwaka tukimaliza kupogolea mikorosho, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Pipa ninunue la aina gani? Bomba la moshi likae juu au chini? Mbona mkaa wangu umetoka na vijinga, yaani vipande visivyoiva, katikati? Siki hii nikimwagia mchicha, si utakufa? Nimeyajibu mara nyingi, mtu mmoja mmoja, kwa ujumbe wa sauti, na kila ninapojibu nasahau jambo moja. Sasa nayaandika yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Soma hadi mwisho kabla hujashika kiberiti.

Kazi ni hii: unachukua matawi yaliyokatwa shambani, ambayo mengi huishia kuchomwa moto pale pale chini ya mti, unayapanga ndani ya pipa lililolazwa, kisha unayapika kwa hewa ndogo. Unapata mkaa wa jikoni. Kutoka kwenye moshi unakinga kimiminika chekundu kama chai ya rangi. Wengine hukiita siki ya kuni. Mimi naita siki ya moshi, kwa sababu huko ndiko inakotoka. Chini ya siki hujikusanya lami kidogo, nayo ina kazi yake.

Nadharia haitachukua nafasi kubwa. Ukuni ukipashwa moto pasipo hewa ya kutosha hauwaki, unapikika. Kwanza maji yote yanatoka. Joto likikaribia nyuzi 280 ukuni unaanza kuvunjika wenyewe na kutoa joto lake, na humo ndimo mvuke wa asidi ya asetiki, methanoli na lami unamotoka. Kinachobaki ni kaboni, yaani mkaa. Kabla ya viwanda vya mafuta ya petroli kushika kazi hiyo, Ulaya na Marekani zilipata asidi ya asetiki, methanoli na asetoni kwa kupika kuni hivi hivi. Kwetu, Njombe, magome ya miwati yamekamuliwa tanini ya kutengenezea ngozi kwa miaka mingi, na kuni za mashamba hayo hayo zikazalisha umeme. Mti una zaidi ya moto ndani yake. Tanuri la udongo tulilolizoea hutupa karibu yote hayo hewani, na kwa kilo 100 za kuni kavu hukupa mkaa kilo 10 hadi 20. Pipa lililotengenezwa vizuri hukupa kilo 20 hadi 25, na siki juu yake.

Kabla hujaanza: kibali na kuni

Nianze na kibali, maana watu hulikumbuka jambo hili wakiwa wameshafika kwenye geti la ukaguzi. Tanzania, mkaa wa kuuza na kusafirisha unahitaji leseni na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, hata kama kuni ni za shamba lako. Anzia serikali ya kijiji, kisha ofisi ya misitu ya wilaya. Eleza wazi kwamba unatumia matawi ya kupogolea. Kenya nako mkaa hautembei barabarani bila kibali. Na usipange biashara yako kwa kutegemea shule au taasisi kubwa: Tanzania taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeagizwa kuacha kuni na mkaa.

Kuni zenyewe: matawi ya mkorosho, mwembe, mchungwa, mwarobaini, na vifuu vya nazi, ambavyo ndivyo vinavyotoa mkaa mgumu kuliko vyote nilivyowahi kuchoma. Kwa ndugu zangu wa Baringo, Turkana na Tana River, mnao mti wa mathenge unaowavamia malishoni. Mkaa wake ni mzuri, na kila mti mnaoukata unawapa ardhi yenu. Usikate mti mzima wenye afya kwa ajili ya pipa hili. Nalisema kwa moyo wote: pipa moja halina njaa kubwa kiasi hicho, na matawi ya shamba lenye mikorosho 50 yanatosha kulilisha kwa wiki kadhaa.

Vitu visivyoingia katika pipa ni mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa, mbao za plaiwudi, na maganda ya korosho. Hili la mwisho huwashangaza wengi, kwa kuwa maganda yapo tele na yanawaka vizuri. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi. Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anayajua kwa vidole vyake. Moshi wake huwasha macho na kifua, na mafuta hayo yataharibu siki yako yote. Kiwandani mafuta hayo ni mali, huingia kwenye vitambaa vya breki na vanishi, lakini hayo ni mambo ya mitambo mingine kabisa.

Vifaa

Pipa la chuma la lita 200, lenye mfuniko unaotoka wote na pete ya kuubana.

Bomba la moshi la chuma cheusi, upana inchi 4, urefu mita 1 au zaidi kidogo, pamoja na kona yake, ile mafundi wanayoita elbo. Usichukue bomba la zinki: siki huila, na zinki yenyewe ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Usichukue pia bomba kuukuu la asbesto, hata ukipewa bure.

Mwanzi mnene wa mita 4 hivi, uliotobolewa vifundo vyote ndani kwa chuma kirefu.

Matofali ya kuchoma 20, mabati chakavu mawili, mchanga au udongo wa toroli nane hivi, na ndoo nne za udongo wa kichuguu. Udongo wa kichuguu haupasuki ovyo ukikauka, na hakuna saruji inayoushinda kwa kazi hii.

Chupa au madumu ya plastiki ya kukingia siki, kitambaa cha pamba cha kuchujia, glavu za ngozi, viatu vya kufunika vidole, na ndoo mbili za maji zikae karibu muda wote. Kipimajoto kinachofika nyuzi 200 kitakusaidia sana katika mapipa matatu ya kwanza. Baadaye pua itakutosha.

Kuhusu pipa, uliza lilibeba nini. La oili linafaa: lichome moto mkali likiwa wazi, nje, hadi rangi yote ibabuke. La viuatilifu, la rangi au la lami ya barabara likatae. Na tahadhari hii usiipite mbio: pipa lililofungwa ambalo lilibeba petroli au thina lisiguswe na grinda wala mashine ya kuchomelea likiwa na mvuke ndani, kwa kuwa hulipuka. Lioshe kwa sabuni na maji mengi, kisha fundi alikate likiwa limejazwa maji karibu na pale anapokata. Likikutia shaka, nunua jingine.

Hatua kwa hatua

1. Kata na ukaushe kuni. Urefu uwe sentimita 80, maana pipa lina karibu 88 kwa ndani. Unene uwe kati ya kidole gumba na kifundo cha mkono wako. Ukuni mnene kuliko hapo upasue. Panga juu ya vijiti, zisilale chini, uziache wiki nne hadi sita. Ukuni mkavu una nyufa kwenye ncha, na ukiugonga na mwenzake unalia kwa sauti kavu. Mbichi unatoa sauti ya kufifia. Kosa la kwanza la anayeanza ni kuni mbichi. Moto wote utaishia kuchemsha maji, na siki utakayokinga itakuwa chapwa.

2. Toboa pipa. Kwenye mfuniko kata mdomo wa mraba, sentimita 20 kwa 20, uwe chini kabisa pipa likilala. Upande wa pili, kwenye kitako, toboa tundu la inchi 4, nalo liwe chini kabisa. Kila mtu huniuliza mbona bomba la moshi liko chini wakati moshi hupanda juu. Ndiyo sababu yenyewe. Joto hupanda. Ukiweka tundu juu, joto litatoka kabla halijaziona kuni za chini. Ukiweka chini, joto linajaa pipa zima kwanza, halafu ndipo linasukuma moshi baridi kutokea chini.

3. Laza pipa na ulizike. Chagua mahali pasipo nyasi, angalau mita 10 kutoka kwenye nyumba, ghala au mti wenye majani makavu. Mdomo usielekee upepo unakotoka. Inua upande wa mdomo kwa matofali membamba, vidole viwili hivi, ili maji ya ndani yateremkie nyuma. Ingiza elbo kwenye tundu la kitako na usimamishe bomba. Simamisha mabati ubavuni yashikilie udongo, kisha fukia pipa lote, unene wa shibiri moja juu na ubavuni. Wengine hufukia juu tu kidogo kwa haraka ya kuanza. Pipa lililo wazi hupoteza joto, na kuni za pembeni hubaki mbichi.

4. Panga kuni. Chini laza vijiti viwili vya kukingama ili moshi upate njia. Kuni nyembamba ziwe chini, nene ziwe juu, kwa kuwa juu ndiko kwenye joto kali. Zibane. Nafasi tupu ni mkaa uliouacha. Vifuu viingize katika mianya ya juu. Ukitaka kujaza pipa kwa vifuu vitupu, weka kipande cha wavu wa chuma mbele ya tundu la moshi, visije vikaliziba. Pipa la kuni za mkorosho zilizokauka huchukua kilo 60 hadi 70.

5. Funga mfuniko, bana pete, kisha ziba ukingo wote kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na jivu kidogo. Mbele ya mdomo jenga kijiko, yaani jiko dogo, cha matofali: kuta mbili na paa, urefu wa sentimita 40. Moto utakaa humo.

6. Washa moto nje ya pipa, ndani ya kijiko hicho. Rudia kusoma sentensi hiyo. Hatuwashi kuni za ndani, tunazipasha kwa hewa moto inayoingia mdomoni. Tumia vijiti na makumbi ya nazi. Moto uwe mdogo na wa kudumu kwa saa moja na nusu hadi mbili. Moshi wa bombani utakuwa mweupe, mzito, wenye harufu ya ukuni uliolowa. Ule ni mvuke wa maji. Moto mkali hapa hupasua kuni na kuunguza zile za mbele kuwa majivu.

7. Subiri moshi ugeuke. Ghafla utauona unatoka kwa nguvu kama umesukumwa, na harufu itabadilika: kali, chachu, inachoma macho kama siki iliyomwagwa kwenye kikaango. Kipimajoto kwenye mdomo wa bomba kitasoma nyuzi 80 hivi. Hapo kuni zimeanza kujipika zenyewe. Acha kulisha moto. Ziba mdomo wa kijiko kwa tofali na udongo, ubakize mwanya wa vidole vitatu.

8. Kinga siki. Kata mfereji mdogo upande wa chini wa mwanzi, shibiri moja na nusu kutoka kwenye ncha. Egemeza mwanzi ukiwa umeinama kama ngazi, ncha hiyo ya chini ikae juu ya bomba la moshi, ile nyingine ielekee juu na ifungwe kwenye nguzo. Moshi utapanda ndani ya mwanzi, utapoa, utageuka maji, na maji yatarudi chini hadi kwenye mfereji. Ning'iniza chupa hapo kwa waya. Funga matambara yaliyolowa kwenye mwanzi na uyamwagie maji kila yanapokauka.

Tone la kwanza huchukua muda. Nilipofanya mara ya kwanza nilikaa nimekodolea macho ule mfereji kwa dakika kama 20, nikidhani nimekosea kipimo. Kisha ukalowa, ukang'aa, tone likajivuta likaanguka, la manjano hafifu, na baada yake yakaja mengine mfululizo, kila moja jekundu kuliko lililotangulia. Shangazi yangu aliyekuwa ananisaidia akachovya kidole akanusa, akasema, "Mwanangu, hii ni harufu ya samaki wa kubanika." Ndivyo inavyonuka. Usionje.

Kazi hii huendelea saa mbili hadi nne. Kwa pipa moja tegemea lita 2 hadi 5. Anayekuahidi lita 20 anakinga maji ya kuni mbichi.

9. Jua wakati wa kuacha. Moshi mweupe utapungua na kuanza kuwa wa manjano, matone yatakuwa meusi na ya kunata. Kipimajoto kikipita nyuzi 150, ondoa mwanzi. Kuanzia hapo kinachotoka ni lami zaidi kuliko siki, na lami hiyo ina vitu vinavyosababisha saratani. Watu hukosea hapa kwa tamaa ya nusu lita. Afadhali uache mapema.

10. Safisha mkaa. Fungua mwanya wa mdomo polepole, uongeze vidole viwili kila dakika 10, kwa muda wa nusu saa. Moshi utakuwa wa buluu, halafu utakonda hadi uone hewa tu inayotetemeka juu ya bomba, kama ile ya juu ya barabara ya lami saa saba mchana. Hatua hii ndiyo inayotofautisha mkaa unaowaka bila moshi na ule unaowatoa watu jikoni wakikohoa. Lakini usizubae. Ukipitiliza, unachoma mkaa wako mwenyewe.

11. Ziba. Mdomo kwanza, kisha ng'oa au ziba bomba, vyote kwa udongo mbichi wa kichuguu. Zunguka pipa mara mbili ukitafuta uzi wowote wa moshi, na kila unapouona bandika udongo. Usiondoke hadi pipa liwe kimya. Tundu dogo kama la sindano linaweza kula gunia zima usiku kucha.

12. Subiri hadi kesho yake. Zipite saa 12 nzima tangu ulipoziba, au zaidi kama hali ya hewa ni ya joto. Fukua udongo kidogo, weka mgongo wa mkono karibu na bati la pipa. Kama bado lina vuguvugu, liache. Mwaka wangu wa kwanza nilifungua zikiwa zimepita saa sita tu, nikaona mkaa mweusi mzuri, nikafurahi. Upepo ulipoingia, mkaa ule ukaanza kulia kwa sauti nyembamba kama vioo vinavyovunjika, ukawa mwekundu kutoka ndani kwenda nje, na maji ndoo mbili hayakuwahi. Niliambulia majivu na pipa lililopinda.

13. Tandaza mkaa kivulini kwa siku nzima kabla ya kuutia gunia. Mkaa mpya huvuta hewa na kujipasha, na magunia yamewahi kushika moto ndani ya ghala usiku wakati wenyewe wamelala.

Kutunza siki

Siki iliyotoka leo haitumiki leo. Ichuje kwa kitambaa, uimimine kwenye chombo cha kioo au plastiki, uiweke gizani miezi mitatu bila kuitikisa. Usitumie debe wala ndoo ya bati. Baada ya muda huo itajigawa mara tatu: juu utando mwembamba wa mafuta, katikati siki safi, chini lami nyeusi. Ingiza mpira mwembamba uvute ile ya katikati tu, kwa taratibu. Vuta kwa pampu ya mkono, usivute kwa mdomo, maana kuna methanoli humo.

Siki nzuri huonekana ndani ya chupa: nyekundu ya kahawia, unaweza kuona kidole chako upande wa pili. Ukiwa na karatasi za kupimia asidi, itasoma karibu 3. Nyeusi isiyopitisha mwanga irudishe ikatulie tena.

Vipimo ninavyotumia mimi, kwa kijiko cha chakula cha mililita 15:

Kunyunyizia majani ya mboga, vijiko 2 kwa lita 15 za maji, yaani 1 kwa 500. Jaribu mstari mmoja kwanza, usubiri siku tatu. Majani yakistahimili, panda hadi vijiko 5, usipite hapo. Nyunyiza jioni.

Kumwagia kitalu kabla ya kupanda, kikombe cha mililita 200 kwa lita 10 za maji, kisha acha udongo wiki mbili ndipo upande mbegu.

Harufu ya chooni na kwenye banda la kuku, kipimo hicho hicho cha kitalu, unanyunyiza sakafuni kuku wakiwa nje.

Siki tupu isiyozimuliwa huunguza mmea wowote, hivyo hutumika kuua magugu kwenye nyufa za sakafu. Lami ya chini paka kwenye sehemu ya nguzo inayozikwa ardhini, kwa glavu, ikauke kabla ya kusimamisha. Nguzo za banda langu nilizopaka hazijaguswa na mchwa, wakati za jirani ambazo hazikupakwa zimeshabadilishwa.

Nisikudanganye: siki hii si dawa ya ugonjwa wa ubwiri unga wa mikorosho. Wapo wanaoiuza kwa ahadi hiyo. Endelea na salfa kwa ratiba ya afisa ugani wako. Usiinywe, usimpe mtoto wala mnyama, usiitie kwenye samaki au nyama ili ipate harufu ya moshi. Chupa iandikwe SUMU kwa herufi kubwa, na isiwe chupa ya soda wala ya maji ya kunywa.

Chenga za mkaa usizitupe. Twanga, chekecha, kwa kila kilo 1 pika uji mzito wa gramu 60 hadi 80 za unga wa mhogo, changanya hadi mkono ukifumba tonge lishikamane, finyanga, anika siku tatu hadi tano. Zilizo laini kabisa changanya na samadi, ziache mwezi mzima, ndipo uzipeleke shambani.

Mambo yakienda kombo

Mkaa una vijinga. Kama ni vya mbele na vya chini, moto wa kijiko ulikuwa mfupi. Kama vimetapakaa kote, kuni zilikuwa mbichi au nene. Vijinga havipotei, virudishe juu kabisa kwenye pipa linalofuata.

Kuna majivu mengi karibu na mdomo. Hewa ilizidi. Punguza mwanya katika hatua ya 7, na uangalie kama pete ya mfuniko inabana.

Moshi unatoka mdomoni badala ya bombani. Bomba ni fupi au tundu limezibwa na kuni. Ongeza bomba hadi mita moja na nusu, na usisahau vile vijiti viwili vya chini.

Moshi haugeuki hata baada ya saa tatu. Ni kuni mbichi, au udongo wa juu ni mwembamba. Endelea na moto wa taratibu, usiongeze ukali. Kwa pipa hilo siki isahau.

Siki ni nyeupe kama maji, haina harufu kali. Ulianza kukinga mapema mno. Subiri harufu ichome macho.

Mkaa unatoa moshi na harufu jikoni. Uliruka hatua ya 10. Na hata mkaa safi kabisa hutoa gesi isiyoonekana wala kunuka, inayoua watu wakiwa usingizini. Jiko la mkaa lisilale ndani na watu, hata siku ya mvua.

Mkaa unaruka cheche. Mara nyingi ni magome. Mkorosho una tabia hiyo, hivyo menya magome ya kuni nene wakati wa kuzikausha.

Mwanzi umeacha kudondosha ghafla wakati moshi bado ni mweupe. Vifundo vimezibwa na lami, au matambara yamekauka. Uondoe kwa glavu, uchokoe kwa chuma kirefu, loanisha matambara, urudishe. Kila baada ya mapipa sita hivi mimi hubadilisha mwanzi, na ule mkuukuu, uliojaa lami hadi kwenye nyuzi zake, naukata vipande nikauwashia moto wa pipa linalofuata.